Jirani Kabla ya Nyumba: Wiki Moja Kamukuywa



Ndugu wasomaji, binti yangu wa kwanza ni mwalimu wa shule ya upili huko Kamukuywa, Kaunti ya Bungoma, kando ya barabara kuu itokayo Webuye kwenda Kitale. Alipopangiwa kazi huko alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, hajaolewa, wala hajapata kulala nje ya nyumba ya wazazi wake isipokuwa chuoni. Kwa miaka mitatu yeye ndiye aliyekuwa akija Mombasa shule zikifungwa. Sisi hatukuwahi kwenda. Jina la mahali tulilijua, lakini hapana hata mmoja wetu aliyejua mlango anaoufunga usiku unafananaje.

Agosti 2024 tukaazimia kwenda: mume wangu, mavyaa wangu, wanangu wawili wa kiume, na mimi. Sitaficha kwamba nilikuwa na nia yangu moyoni. Nilikusudia nikaone kwa macho, kisha nimwambie binti yangu aandike barua ya kuomba uhamisho. Na kama uhamisho haupatikani, arudi nyumbani tu, riziki ni ya Mwenyezi Mungu.

Chumba chake ni kimoja na hakingetutosha watu sita. Ikabidi tutafute nyumba ya kukodi kwa siku chache. Hapo ndipo nilipokosea, na ndilo lililonifanya niandike makala haya, kwa kuwa familia nyingi zetu siku hizi husafiri kwa njia hii: Nairobi kwa matibabu, Eldoret kwa mahafali ya watoto, na kwengineko kwa mapumziko.

Nyumba nyeupe ya Kitale

Binti yangu alinipigia simu mapema. "Mama, hapa jirani yangu kuna bibi mmoja mjane, ana nyumba ndogo uani mwake aliyokuwa akikaa mwanawe. Iko tupu. Si ya kifahari, lakini yeye namjua." Nikamjibu kwamba nyanya yake ana maradhi ya magoti na anahitaji choo cha ndani. Hilo lilikuwa kweli, ila si kweli yote. Kweli yote ni kwamba sikutaka kulala kijijini.

Kitale ndio mji mkubwa wa upande ule. Kuna hospitali, msikiti, maduka ya nyama ya halali, na makumbusho. Nikatafuta kwenye simu nikaona nyumba nyeupe, mpya, ina makochi makubwa na televisheni ukutani. Nikazitazama picha zile siku mbili, nikatuma malipo ya siku tatu.

Tulifika usiku, tumechoka. Nyumba ilikuwa nyeupe kama ilivyoonyeshwa. Lakini picha hazikuonyesha kwamba ukumbi wa kuingilia ni mmoja na wa wapangaji wengine, vijana wa kiume watano waliokuja kwa sherehe. Hazikuonyesha mlango wa bafu, ambao ulikuwa wa kioo chenye ukungu unaoelekea sebuleni. Jikoni tulikuta kikaango chenye mafuta yaliyoganda tusiyojua ni ya mnyama gani, na chupa za pombe chini ya sinki. Na juu ya mlango wa sebule, ndani ya nyumba, palikuwa na kamera ndogo inayowaka taa nyekundu.

Mume wangu alimpigia simu mwenye nyumba. Akajibiwa kuwa kamera ni ya usalama wetu wenyewe na haizimwi. Basi tukawa katika nyumba tuliyoilipia, na hapana mwanamke aliyeweza kuvua buibui. Mavyaa wangu, mwenye umri wa miaka sabini na sita, alilala na mtandio kichwani kama aliye bado ndani ya basi. Asubuhi alisema neno moja tu: "Mwanangu, hapa hapana sitara." Tukafunga mizigo. Fedha za siku tatu hatukurudishiwa.

Dada zangu, hili si jambo la starehe peke yake. Mtakumbuka kwamba Januari 2024 wanawake wawili vijana waliuawa jijini Nairobi ndani ya nyumba za kukodi za muda mfupi, na tarehe 27 ya mwezi huo maelfu ya wanawake wakaandamana katika miji ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Nyumba ya kukodi ni mlango usioujua mwenyewe, na ufunguo ambao hujui uko mikononi mwa nani mwengine. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 inaziweka biashara za kuwalaza wageni chini ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, nazo zapaswa kuwa na leseni. Basi kumuuliza mwenye nyumba kuhusu leseni yake si utovu wa adabu. Mimi sikuuliza.

Uani kwa Kukhu

Kutoka Kitale tulipanda matatu, tukapita Kiminini, tukaingia katika nchi ya mahindi. Agosti huko ni msimu wa mvua, na mahindi huwa yamempita mtu kimo pande zote mbili za njia. Upande wa kulia, mawingu yakifunguka, waonekana Mlima Elgon, ambao Wabukusu huuita Masaba. Kilele chake kina mita 4,321. Kamukuywa ni soko la njia panda: maduka, bodaboda, wauza ndizi na mahindi ya kuchoma, na barabara ya lami inayoacha njia kuu kupanda Kaptama na Kapsokwony, kwenye miteremko ya mlima.

Bibi mjane alitupokea langoni. Binti yangu humwita Kukhu, yaani nyanya kwa lugha yao, nasi tukamwita hivyo hivyo. Mimi akaniita Mama Mwalimu. Nyumba yake ya uani ina vyumba viwili na sebule, sakafu ya saruji, paa la bati, na ua wa miti unaoizunguka hata mpita njia haoni kitu. Maji ni ya kisima na ya tangi la mvua. Choo kiko nje, hatua thelathini, na hilo kwa mavyaa wangu lilikuwa mtihani. Kukhu akaleta kiti kilichotobolewa katikati na ndoo ya kuweka chini yake, akasema kilikuwa cha marehemu mumewe alipougua. Usiku ni wa baridi kweli, na mtu wa pwani asiyebeba sweta na soksi atajuta.

Kabla ya kutukaribisha ndani alinipa funguo. "Huu mmoja, na huu wa pili. Mimi sina wa tatu." Nilizishika zile funguo nikahisi mwili wangu unalegea kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Mombasa.

Jikoni aliniongoza hadi kwenye rafu moja na kunionyesha sufuria mbili, mwiko na kisu. "Hivi ni vya Mwalimu. Hatuvitumii sisi." Alikuwa amevinunua mwaka ule wa kwanza, alipoona binti yangu anakataa chakula chake kwa adabu, akamuuliza sababu na kuelezwa. Jioni akaleta jogoo aliyefungwa miguu, akamkabidhi mume wangu: "Huyu alikuwa anamngoja baba wa Mwalimu amchinje." Nikajua namna mwanangu anavyoishi: mayai, maharage, kunde na mrenda, na nyama siku anapokwenda Kitale.

Kibla nacho kilitupa somo. Sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini moja kwa moja. Kamukuywa iko magharibi zaidi, kwa hiyo kibla huinama kidogo mashariki ya kaskazini, na mlima unabaki mbele upande wa mkono wa kushoto. Binti yangu alikuwa ameuchora mstari kwa chaki sakafuni kabla hatujafika. Nyakati za sala pia hubadilika: jua huko hutua kama dakika ishirini baada ya kutua Mombasa, na anayefunga Jumatatu na Alhamisi asifuturu kwa saa ya nyumbani.

Kengele za usiku

Mwaka wa 2024 ni wa shufwa, na Wabukusu huwatahiri vijana wao Agosti ya kila mwaka wa shufwa. Mimi sikulijua hilo. Usiku wa pili nikaamshwa na kengele, filimbi, na sauti za mamia ya watu wakiimba na kukimbia barabarani. Wanangu waliruka kitandani. Mimi nikasema moyoni: basi, yametosha, kesho binti yangu anaondoka nasi.

Pakasikika hodi. Alikuwa Kukhu na taa yake. Aliketi sebuleni akatueleza: kijana anayetaka kutahiriwa huzunguka kwa jamaa zake akipiga kengele kuwaalika, na alfajiri ya siku yenyewe hupelekwa mtoni akapakwa tope, kisha hurudi nyumbani kwao akiimbiwa, akasimama bila kupepesa macho. Alisema nyumba ya nduguye kuna sherehe na busaa itanywewa, naye amekwisha kuwaambia wageni wao wapite njia ya chini, wasipite mbele ya ua wake kwa kuwa ana wageni wasiotumia.

Halafu akasema, kama neno la kupitia tu, "Hata mwaka ule wa uchaguzi Mwalimu alilala kwangu."

Nikamtazama binti yangu. Agosti 2022 shule zilifungwa kwa ajili ya uchaguzi mkuu wa tarehe 9. Alituambia kwa simu kwamba nafasi za basi zimejaa, na kwamba yu salama, tusiwe na wasiwasi. Hakutuambia kwamba wiki ile ilikuwa ya uchaguzi na ya tohara pamoja, barabara zimejaa watu mchana na usiku, na kwamba Kukhu alikwenda mwenyewe kumgongea mlango, akamchukua na godoro lake, akamlaza chumba kimoja na wajukuu zake wa kike kwa muda wa siku tisa. Mavyaa wangu aliinuka kwa magoti yake yale, akaushika mkono wa yule bibi, na wote wawili wakanyamaza kwa muda.

Wazee wetu husema jirani kabla ya nyumba. Nimelisikia neno hilo tangu utotoni, nikilifikiria kuwa ni la wanaonunua viwanja. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilifika Mumias, kwa watawala wa Wanga, na kwa njia hiyo Uislamu ukakita mizizi katika nchi ile ya magharibi. Watu wale hawakuwa na picha za nyumba. Walikuwa na mwenyeji, na walimchagua yeye kwanza.

Yafaayo kuulizwa

Siku zilizobaki zilikwenda kwa raha. Ijumaa tulikwenda Kitale kwa sala, tukaingia Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974. Siku nyengine tulikwenda Saiwa, hifadhi ndogo kuliko zote za taifa nchini Kenya, ambako watu hutembea kwa miguu juu ya mbao kumtafuta nzohe, mnyama wa jamii ya paa aishiye kwenye kinamasi. Wanangu walimwona mmoja, na hadi leo hawajanyamaza.

Kwa familia itakayokodi nyumba, iwe Kamukuywa au katikati ya Nairobi, haya ndiyo ninayouliza sasa kabla ya kutuma hata shilingi:

Kwanza, nani mwengine anaingia kwa mlango huu, na ni nani mwenye ufunguo wa ziada? Pili, je, kuna kamera, na ziko wapi? Ya nje langoni yafahamika. Ya ndani haikubaliki. Tatu, bafu na choo viko wapi, mlango wake ni wa nini, na maji yapo siku zote? Mwenye wazee aulize ngazi na hatua. Nne, jikoni hupikwa nini? Hata ukijibiwa vizuri, beba sufuria yako, kisu na birika la udhu. Tano, wiki hiyo kuna jambo gani mjini: sherehe, uchaguzi, mikutano? Sita, na hili ndilo kubwa, yupo mtu tunayemwamini aliyepata kumjua mwenye nyumba? Asipokuwepo, lipa usiku mmoja tu, ukaone.

Na barua ya uhamisho? Jioni ya mwisho binti yangu aliniuliza mwenyewe, maana alikuwa amekwisha nifahamu. "Mama, wataka nirudi?" Nilimwambia kazi ni yake na uamuzi ni wake, akitaka kuomba uhamisho aombe kwa sababu zake, si kwa hofu zangu. Asubuhi tulipoagana, mavyaa wangu alimwachia Kukhu leso yake mpya jozi nzima. Kukhu akatupa gunia dogo la mahindi mabichi, ambayo tuliyachemsha Mombasa na kuyagawa kwa majirani.

Mwenyezi Mungu awahifadhi binti zetu walio mbali, na awape majirani wema. Amin.