Kabla ya Mvua, Mabwerebwere

Miaka ile kijijini Mabwerebwere, mwaka wetu ulianza Novemba, si Januari. Mawingu yakianza kujikusanya, mkulima anaandaa shamba na mfugaji anatafuta majani mabichi, na wote wawili wanatazama ardhi ile ile. Ndipo kamati yetu ya amani, wakulima kwa wafugaji, ilipotoka kukagua mapito ya mifugo, kuanzia malishoni hadi mtoni, kuona nani amesogeza shamba lake njiani. Kundi kubwa la ng'ombe halipiti kwenye uchochoro, hata mchungaji awe hodari vipi. Palipobanwa, mwenye shamba aliitwa, akabembelezwa, akarudi nyuma, nasi tukapanda minyaa iwe mpaka.

Tulijua tunachokikimbia. Tarehe 8 Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni, wilaya hii hii ya Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, wakiwemo wanawake na watoto. Kwa hiyo mkutano wetu wa Desemba ulifunguliwa kwa dua ya shehe, kisha sala ya katekista, ndipo tukasema mambo ya mipaka. Vijana waliotaka kupiga mwano, yaani mwito wa kukusanya wapiganaji, kwa kila ng'ombe aliyeonekana shambani walikalishwa mbele, wasikie vizuri.

Masika ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Nakumbuka shamba la mjane mmoja, mahindi yamefika kifuani. Tulifika alfajiri, kinyesi bado kibichi, mabua yamelala upande mmoja. Mzee wa Kimasai, mjumbe mwenzetu, alizifuata kwato hadi ukingoni mwa shamba, akasimama kwa fimbo yake, akasema, "Hawa ni wetu." Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Bwana shamba akahesabu mistari iliyoliwa. Mama akaulizwa shamba lile humpa magunia mangapi, akataja manne.

"Mama, mbele ya Mungu, mwaka jana ulivuna mangapi?" mzee akauliza taratibu.

"Mawili na debe tatu, baba."

Likaandikwa hilo. Ng'ombe hawakushikwa, na fidia ililipwa kabla ya palizi ya pili. Naamini mpaka leo kwamba kitendo cha mzee yule kukiri kabla ya kuulizwa kilizuia damu kuliko doria yoyote ya mgambo. Kesi ikipelekwa mbali, ng'ombe walishikwa, ndama wakadhoofika zizini, faini ikalipwa kwa wengine, na aliyeliwa mahindi asione hata punje.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Kamati yetu ilifuata mfano huo, ikapata faida ambayo wanaume hatukuitarajia. Mama wa Kimasai waliouza maziwa nyumba kwa nyumba walisikia hasira ikichemka jikoni siku kadhaa kabla haijafika barazani. Walituambia mapema: nyumba ile wananuna, kitongoji kile wananoa mapanga. Tulikwenda usiku huo huo.

Julai mpunga ukishavunwa tulikubaliana juu ya mabua: mfugaji analisha, shamba linapata samadi. Kiangazi ilikuwa zamu ya maji, akina mama wachote asubuhi, ng'ombe wanyweshwe jua likipanda. Mambo ya kawaida, lakini bila makubaliano yalitosha kuua mtu. Wala mfugaji hakuwa na pa kukimbilia: Hifadhi ya Mikumi, iliyotangazwa mwaka 1964, haipokei ng'ombe. Mashamba yalizidi kupanuka, na mifugo ilizidi kuingia. Ardhi ni ile ile.

Kisha ikaja operesheni ya mwaka 2009 ya kuondoa mifugo Kilosa, baada ya mauaji mengine ya mwaka uliotangulia. Ilituumiza. Wenzetu wa kamati waliondoka na makundi yao, pamoja na wale mama wa maziwa, na Novemba iliyofuata tulikagua mapito bila mfugaji hata mmoja. Wachache waliporudi baadaye, walikuta njia mbili zimeshalimwa ufuta na minyaa imeng'olewa. Tukaanza upya kuwabembeleza wenye mashamba, mmoja mmoja, na safari hii hatukuwa na yule mzee wa kututangulia.