Saa Kumi na Moja Alfajiri

Nusura safari yetu ya kwanza ya Mombasa ituache kabla hatujafunga hata begi. Nilikuwa nimeketi kwenye kigoda nje ya nyumba yetu hapa Burat, nje kidogo ya mji wa Isiolo, simu mkononi, nikizungumza na programu ya akili unde aliyoniwekea kifungua mimba wangu. Nikaiandikia kama ninavyosema na watu: tupangie likizo ya familia, siku tano Mombasa, tuondoke Isiolo saa kumi na moja alfajiri. Haikukawia. Ikaleta ratiba ndefu, nadhifu, na mstari wa kwanza ulisema: Kuondoka Isiolo, 11:00.

Nikaipitisha bila shaka yoyote. Niliandika kumi na moja, nikaletewa kumi na moja. Kifungua mimba huyo, binti yangu wa miaka 14, akachungulia juu ya bega langu, akacheka hadi akaegemea ukuta.

"Mama, hiyo ni saa tano. Imekusikia kwa Kiswahili, ikakuelewa kwa Kizungu."

Tungeifuata, gari la alfajiri lingekuwa linashusha abiria Nairobi sisi ndio kwanza tunafunga mlango. Tangu siku hiyo tukakubaliana: na simu tutaandikiana kwa tarakimu, 05:00, kwa midomo yetu tutaendelea kusema saa kama tulivyofundishwa.

Wazo la safari lilikuwa la watoto. Walikuwa wameona video ya Wild Waters, bustani ya michezo ya maji kule Nyali: mitelezo mirefu ya rangi, watoto wanashuka wakipiga mayowe, maji yanaruka kila upande. Mtoto wa Burat hukua akijua maji ni kitu cha zamu. Mto Isiolo unashuka kutoka miteremko ya Mlima Kenya, na sisi wenye vishamba vya vitunguu na nyanya tunagawana mifereji yake kwa saa. Ukikosa zamu yako, umekosa. Sasa hawa wanangu waliona mahali ambapo maji yanamwagwa kwa kucheza tu, wakataka kwenda kuhakikisha. Mbuzi wawili walikwenda sokoni, chama kikanilipa zamu yangu, na baba watoto akaongeza alichokuwa nacho.

Nisiidhulumu programu. Ilitusaidia kukaa chini na kuhesabu, jambo ambalo familia nyingi hufanya zikiwa zimesharudi na madeni. Ilitukumbusha kwamba kwenye treni ya SGR mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Tangu Januari 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500. Kwa hivyo watu wanne wa nauli kamili na watoto wawili wa nusu walitugharimu 7,500 kwenda, na 7,500 kurudi. Ilituonya pia tusingoje Desemba, kwa sababu tiketi za Krismasi huisha mapema. Tukachagua likizo ya Agosti. Kununua ikatuachia wenyewe: *639#, nambari za vitambulisho, kisha M-Pesa.

Ilipokosea tena, aliyegundua ni baba watoto. Ilikuwa imetupangia tutoke Isiolo alfajiri na kupanda treni ya saa tisa alasiri siku hiyo hiyo. Yeye aliwahi kuwa utingo wa malori yanayopeleka mbuzi Kiamaiko, Nairobi, na barabara ile anaijua kwa mgongo wake. Akasoma, akanirudishia simu. "Hiki chombo hakijawahi kukaa Karatina kikingoja abiria wamalize kununua viazi." Tukaamua kulala Mlolongo kwa binamu yake, karibu na kituo cha treni cha Syokimau, na kupanda treni ya saa mbili asubuhi kesho yake.

Mtu wa nne wa nauli kamili hakuwemo kwenye mpango wa kwanza. Mama mkwe wangu, ambaye watoto humwita Akko kwa Kiborana, alikuwa amenyamaza siku zote hizo akichambua mchele. Programu ilipouliza watu wazima ni wangapi na watoto ni wangapi, binti yangu akaisoma kwa sauti. Akko akainua kichwa.

"Na mimi umeniandika wapi?"

Hatukuwa tumemwandika popote. Mbali kabisa alikowahi kufika ni Meru. Tukamwongeza kwa haya, na programu, ilipojua kuna mzee, ikapendekeza apumzike kivulini watoto wakicheza. Akko akatabasamu. "Kivuli kiko hapa Burat, tena bure."

Siku ilipofika tulikuwa steji kabla ya adhana. Kutoka Isiolo barabara inapanda bila kupumua: mji uko karibu mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na Timau ni zaidi ya mita 2,000. Ukipita njia panda ya Subuiga joto la nyumbani linakatika. Madirisha yalifungwa, shuka zikatoka mabegini, na kitinda mimba wangu wa miaka 5 akauliza kama Mombasa ni baridi hivi. Mashamba ya ngano yakapita, kisha Nanyuki na kibao cha Ikweta, ambapo vijana huwaonyesha wageni maji yakizunguka kwenye beseni, upande huu hivi na upande ule vile. Ni kiinimacho, maana Ikweta haina nguvu juu ya beseni, lakini watoto walitaka kuona. Matatu haikusimama. Karatina ilisimama, tena sana, na baba watoto akanitazama bila kusema neno.

Asubuhi iliyofuata pale Syokimau tulikutana na ukaguzi. Mabegi hupangwa sakafuni kwa mstari, abiria wanasogea kando, na mbwa wa polisi anapita akinusa moja baada ya jingine. Alipita langu, akapita la watoto, akafika kwenye begi la Akko, akasimama. Akanusa tena. Akageuza kichwa upande, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Moyo wangu ukaenda mbio. Askari akafungua, akatoa kopo la bati lililofungwa kwa leso mara tatu: nyirinyiri, nyama ya kukaushwa na kukaangwa, imezama kwenye samli. Kopo likarudishwa. Mbwa ndiye aliyehitaji kuvutwa.

Reli hii ilizinduliwa mwishoni mwa Mei 2017, na urefu wake ni takriban kilomita 480. Watoto walitazama kasi. Akko alitazama ardhi. Tulipoingia Tsavo, kwenye udongo mwekundu, tukaona ndovu waliojipaka udongo huo hadi wakafanana na vichuguu vinavyotembea. Akko hakushangazwa na ndovu, maana hata kwetu huja mashambani bila kualikwa. Kilichomshangaza ni nyasi. "Malisho yote haya, ng'ombe wako wapi?" Nikamweleza ni hifadhi, tangu mwaka 1948, na mifugo hairuhusiwi. Akafikiri hadi Voi. "Basi hata huku kuna watu walioambiwa wasogee," akasema, akafungua kopo lake.

Mombasa ilitupokea kwa joto la kukumbatia. Tulikuwa tumekodi chumba Bamburi, na jambo la kwanza mwenye nyumba alilotuonyesha halikuwa kitanda bali mitungi, sita ya lita 20, imepangwa mlangoni mwa bafu. Maji ya mfereji huja kwa siku zake, akasema, na yasipokuja kuna vijana wa mikokoteni. Nilidhani nimesikia vibaya. Mji uliozungukwa na maji unanunua maji kwa mitungi! Akatueleza kwamba sehemu ya maji ya Mombasa hutoka chemchemi za Mzima, kule Tsavo tulikopita, kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 linalotumika tangu miaka ya 1950. Akko akamshika mkono kama ndugu aliyepotea. "Na nyinyi pia mna zamu?"

Siku ya bustani tuliingia Nyali mapema. Wasichana wangu na mimi tulivaa suruali za kubana na fulana ndefu za nailoni, tulizozitafuta kwa nusu siku kwenye mitumba ya Isiolo baada ya simu kuandika "mavazi ya kuogelea" bila kuuliza sisi ni watu gani. Wa pili, mwenye miaka 9, alipanda ngazi za mtelezo mara ya kwanza akitetemeka, akashuka akilia, akapanda tena kabla machozi hayajakauka. Baada ya hapo sikumwona hadi njaa ilipomrudisha.

Akko alikataa kivuli. Alisimama kando ya kidimbwi, mikono mgongoni, kama anavyosimama kwenye mfereji wetu kukagua kama jirani amefunga lango. Akamwita kijana mlinzi wa waogeleaji.

"Mwanangu, maji haya yanatoka wapi?"

"Kwa pampu, nyanya."

"Yakishuka hapa yanakwenda wapi?"

Kijana akamweleza kwa heshima kwamba hayaendi popote: yanachujwa, yanatiwa dawa, yanapandishwa tena juu. Akko akatazama mtelezo mzima, kutoka kileleni hadi kidimbwini. "Kwa hivyo hawamwagi. Ni maji yale yale yanafanya kazi mara mia." Tangu asubuhi alikuwa na uso wa mtu anayeona dhambi ikitendeka. Hapo ndipo alipovua viatu, akaketi ukingoni, akatia miguu majini.

Kesho yake tulikwenda Haller Park, palipokuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda mivinje kwenye mwamba mtupu. Majongoo wakala majani yaliyoanguka, kinyesi chao kikawa udongo, na leo ni msitu wenye twiga na viboko. Watoto walitaka kisa cha Owen, kiboko yatima wa baada ya tsunami ya Desemba 2004, aliyemfanya kobe mzee kuwa mama yake. Akko alitaka kuonyeshwa jongoo. Alipomwona, akamsalimu.

Na bahari? Aliionja kwa kidole, akatema. "Chumvi tupu. Ng'ombe wangeipenda." Hiyo ndiyo hotuba yote aliyoitolea Bahari Hindi.

Wewe unayepanga safari kama yetu, itumie simu; itakuhesabia nauli na kukuokoa na Desemba. Lakini iandikie saa kwa tarakimu, umwonyeshe ratiba mtu aliyewahi kupita barabara hiyo, na umwandike bibi kabla hajauliza. Bila Akko ningerudi na picha za watoto wenye maji usoni, nisijue hata maji yenyewe yanatoka wapi.

Tulifika Burat Ijumaa usiku. Zamu yetu ya mfereji ilikuwa Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri. Simu ilikuwa imezimika kwa kukosa chaji. Akko ndiye aliyeniamsha.