Shelfu za Duka la Mama Mjane

Kosa lililofichwa humpata na mwingine. Kwa hiyo twaliandika kosa letu, ingawa latutahayarisha.

Mama mmoja mjane, jirani yetu hapa Bukene, alituomba tumtengenezee duka dogo kwa akiba ya mavuno yake mawili ya mpunga. Mbao za mninga, ambazo misitu ya Tabora yasifiwa kwazo, zilimshinda bei; basi tukachagua plaiwudi. Ubao mmoja una urefu wa futi 8 na upana wa futi 4. Tukaupasua kwa urefu, tukapata shelfu 4, kila moja upana wa karibu futi moja. Ubao wa pili tukaukata nguzo 3: pembeni 2 na katikati 1.

Kijana tunayemfundisha useremala alisema, “Samahani, Mwalimu, nguzo naona ni chache.” Tukamjibu kwamba tulishika randa kabla yeye hajazaliwa. Tukapigilia misumari katika kingo za mbao, tukaenda zetu.

Usiku wa siku ya 9 shelfu ya juu ilipinda, ikang’oka, ikaiangukia ya chini. Tulipofika asubuhi, yule mama alikuwa ameinama, akitenga sukari na vigae vya chupa za mafuta. Hakutulaumu, alisema tu, “Karibuni, Mwalimu.” Neno hilo lilituuma kuliko tusi.

Sababu tuliijua tangu zamani, lakini haraka ilitusahaulisha. Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mti zilizogandishwa kwa gundi, na nyuzi za kila tabaka hukingama na za tabaka ya pili yake. Idadi ya tabaka huwa witiri, yaani 3, 5, 7 au zaidi. Kwa hiyo ubao haupasuki upesi usoni. Bali msumari ukiingia ukingoni hupita kati ya tabaka, huziachanisha, wala haushiki vema. Tena shelfu yetu ilivuka futi 4 bila kitu cha kuishika chini, nayo imebeba chumvi na sukari.

Tukanunua ubao mwingine kwa fedha yetu, tukalipa na sukari. Tukaongeza nguzo 2, hata nafasi ikawa futi 2 tu. Katika kila nguzo tukachimba mfereji wa kina cha theluthi ya unene wa ubao, shelfu ikakaa humo kwa gundi, uzito ukalaliwa na mti wala si na msumari. Chini tukaweka matofali ya kuchoma, na nyuma tukaacha nafasi ya kupitisha mkono, ili njia za mchwa zionekane mapema.

Safari hii yule kijana alishika kipimo na kalamu. Sisi tulimshikia ubao, na kila aliposema, “Bado, Mwalimu,” tulingoja.