Siku za Mwizi: Raha ya Tamthilia ya Upelelezi Katika Runinga

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuitia hadithi ya upelelezi katika kapu la fasihi pendwa, kisha wakalifunika. Hoja yao aghalabu huwa moja: kwamba kazi ya aina hii huishi kwa fumbo, na fumbo likishafumbuliwa hakibaki kitu cha kumrejesha msomaji. Riwaya za Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale (1960), huonekana kuiunga mkono hoja hiyo. Bwana Msa huyaweka moyoni anayoyajua, naye msomaji hungoja hadi mwisho ndipo aelezwe.

Hoja hii hujikwaa inapofikishwa mbele ya runinga. Mfano mwafaka ni Columbo, mfululizo wa Kimarekani ulioasisiwa na Richard Levinson na William Link, ukaonyeshwa kati ya 1971 na 1978, na tena kuanzia 1989 hadi 2003. Katika vipindi vyake vilivyo vingi, mauaji hutendeka mwanzoni, na muuaji hujulikana kabla ya mpelelezi, aliyeigizwa na Peter Falk, kutokea. Swali la "nani?" limekwisha kujibiwa. Hata hivyo mtazamaji habanduki. Je, anangoja nini?

Jibu limo katika methali: siku za mwizi ni arobaini. Methali hii haimfichi mwizi. Humtaja wazi, kisha ikazihesabu siku zake. Raha ya Columbo ni raha ya kuhesabu. Kila mara mpelelezi anapoaga, akafika mlangoni, kisha akageuka kuuliza swali moja dogo, siku moja hupungua. Mtazamaji anaijua siri ambayo muuaji hudhani ni yake peke yake, na katika pengo hilo kinaya huzaliwa. Ndivyo ilivyo pia katika ngano za Sungura: watoto huujua mwisho wa ngano, na bado huomba isimuliwe tena.

Kipindi cha Murder by the Book (1971), kilichoongozwa na Steven Spielberg, hulidhihirisha jambo hili kwa namna inayopaswa kumgusa mwanafunzi wa fasihi. Watu wawili hushirikiana kutoa riwaya za upelelezi. Mmoja ndiye anayeandika hasa, mwingine ni hodari wa kujitokeza mbele ya watu. Mwandishi anapotaka kujitenga, mwenzake humuua. Mauaji hayo yamepangwa kwa ustadi, ilhali ya pili, ya kumnyamazisha shahidi, ni ya papara. Tofauti hiyo ya mtindo humpa mpelelezi shaka kuhusu asili ya hila ya kwanza. Huu ni uhakiki hasa: matini mbili zinalinganishwa, na mtunzi anatafutwa. Hatimaye muuaji, akiwa amekwisha kunaswa, hagombei uhuru wake bali sifa. Adai kwamba wazo lile zuri lilikuwa lake.

Raha hii, lakini, ina deni lake. Mpelelezi mwenye koti la mvua lililokunjamana na gari kuukuu huwaangusha matajiri na mabingwa, na kwa kawaida kipindi hukoma kabla ya mahakama. Mtazamaji wa Kenya ana sababu ya kulitafakari hilo. Waziri Robert Ouko alipouawa mwezi Februari 1990, wapelelezi halisi waliitwa kutoka Scotland Yard. Tume ya uchunguzi iliyoundwa baadaye ilivunjwa mwaka 1991 kabla ya kumaliza kazi yake, na hakuna aliyepatikana na hatia ya mauaji hayo. Siku zikapita arobaini, zikapita elfu.

Je, basi, tamthilia hizi ni kasumba? Yamkini ndivyo, kwa anayezitazama ili asahau. Lakini ahadi ya methali haiwi uongo kwa sababu tu wenye nguvu wameivunja. Tamthilia huionyesha ahadi hiyo ikitimizwa, hatua kwa hatua, na mtu mnyonge asiyeridhika na jibu la kwanza. Anayeitazama hivyo haondoki na faraja tu, bali na kipimo cha kuipimia hali halisi. Kazi inayoweza kumwachia mtu kipimo cha namna hiyo haistahili kufunikwa kapuni.