Kwa Nini Alikimbia?

Muhula uliopita, katika semina yangu kuhusu dola na raia, niliwapa wanafunzi kisa kimoja wakijadili. Nilikieleza kwa ufupi, bila kutia chumvi. Nilipomaliza, kijana mmoja wa mstari wa mbele, mwerevu na mwenye adabu, alinyoosha mkono akauliza: "Mwalimu, kwa nini alikimbia? Angetulia si angekuwa hai?" Darasa likanyamaza, na kwa ukimya ule nikatambua kwamba wengi walikuwa na swali hilohilo. Siku ile sikumjibu ipasavyo. Makala hii ni jibu langu lililochelewa.

Kisa chenyewe ni hiki. Asubuhi ya tarehe 4 Aprili 2022, katika mji wa Grand Rapids, jimbo la Michigan nchini Marekani, askari polisi alisimamisha gari lililokuwa likiendeshwa na Patrick Lyoya, kijana wa miaka 26. Sababu iliyotolewa ni kwamba namba za usajili hazikuwa za gari lile. Lyoya alishuka. Askari akamwamuru arudi ndani. Yeye akauliza amekosa nini. Akaulizwa kama anazungumza Kiingereza, kisha akatakiwa kutoa leseni. Muda mfupi baadaye alijaribu kukimbia, askari akamfuata, wakakabana mbele ya nyumba za watu. Askari alitoa kifaa cha kupiga shoti ya umeme. Lyoya akakishika, wakakigombea. Mwishowe, Lyoya akiwa chini kifudifudi na askari akiwa amemkalia mgongoni, askari alichomoa bastola akampiga risasi moja kisogoni. Abiria aliyekuwa naye aliyarekodi hayo kwa simu.

Marehemu alikuwa Mkongo. Familia yake iliikimbia vita ya mashariki mwa Kongo na kupokewa Marekani kama wakimbizi mwaka 2014. Baada ya msiba, baba yake alisimama mbele ya waandishi wa habari akazungumza Kiswahili, na pembeni yake akasimama mkalimani. Mama yake alisema alidhani wamefika mahali pa salama. Mimi niliyasikiliza mazungumzo yale nikiwa maelfu ya maili kutoka Michigan, na sikuhitaji mkalimani. Wewe pia, ndugu msomaji, usingemhitaji.

Askari yule alifukuzwa kazi na kushtakiwa kwa mauaji ya daraja la pili. Utetezi wake ulikuwa kwamba alihofia uhai wake, kwa kuwa kifaa cha umeme kilikuwa kimeshikwa na Lyoya. Tarehe 8 Mei 2025 jopo la raia waliosikiliza kesi lilishindwa kuafikiana, na kabla mwezi haujaisha mwendesha mashtaka akatangaza kwamba kesi haitarudiwa. Kwa hiyo mshtakiwa hakutiwa hatiani wala hakusafishwa, na kaburi limebaki bila hukumu.

Sasa nirudi kwenye swali la mwanafunzi wangu. Swali hilo lina dhana ndani yake: kwamba anayetulia hupona. Tuipime. Tarehe 6 Julai 2016, huko Falcon Heights, Minnesota, Philando Castile alisimamishwa barabarani. Hakukimbia. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mwenzi wake na mtoto mdogo wakiwa ndani ya gari. Alimweleza askari kwa upole kwamba ana silaha, na alikuwa na kibali chake. Sekunde chache baadaye alimiminiwa risasi. Kumbukumbu zilionyesha kwamba kabla ya siku hiyo alikuwa amesimamishwa na polisi walau mara 46, nyingi kwa makosa madogo. Askari aliyempiga aliachiwa huru na mahakama mwaka 2017. Walter Scott yeye alikimbia. Alisimamishwa kwa sababu ya taa ya breki huko North Charleston, Carolina ya Kusini, tarehe 4 Aprili 2015, miaka saba kamili kabla ya Lyoya, akapigwa risasi za mgongoni. Mmoja alitulia, mwingine alikimbia, na wote wawili walizikwa. Basi mbio haziwezi kuwa chanzo cha vifo hivi. Kinachoviunganisha ni kwamba jambo la karatasi, au la taa, lilikabidhiwa mtu mwenye bastola.

Sheria nayo imesaidia kuyafikisha mambo hapo. Mwaka 1996 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kosa lolote la barabarani linatosha kulisimamisha gari, hata kama nia halisi ya askari ni nyingine. Kabla ya hapo, mwaka 1989, katika shauri la Graham dhidi ya Connor, mahakama hiyohiyo iliamua kwamba nguvu ya polisi ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyepo kwenye tukio, si kwa utulivu wa wanaotafakari baadaye. Graham alikuwa mgonjwa wa kisukari aliyeingia dukani kutafuta maji ya machungwa, akaona foleni ndefu, akatoka haraka. Haraka hiyo ndiyo iliyomtia askari shaka hata akalisimamisha gari alilopanda. Tazama basi mizani ilivyo: hofu ya askari ni hoja mbele ya mahakama, lakini hofu ya raia ni ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Nami najua jinsi hofu hiyo inavyoanza. Mwaka jana, nikitoka mkoani, nilisimamishwa na askari wa usalama barabarani aliyevaa sare nyeupe. Kama tulivyozoea wengi hapa Tanzania, nilishuka, nikamfuata, nikamwamkia: "Habari za kazi, afande." Kwetu kushuka ni heshima; anayebaki kitini na kioo kimefungwa huonekana ana kiburi. Bima yangu ilikuwa imekwisha kwa siku mbili. Niliandikiwa faini, nikashukuru, nikaondoka. Hata hivyo viganja vyangu vilikuwa vimeloa jasho, nami ni mtu mzima mwenye kazi, na askari yule hakuwa na bunduki. Sithubutu kumsemea marehemu kwa nini alishuka asubuhi ile. Ninachojua ni kwamba kitendo ambacho kwangu ni adabu, kwa askari wa Marekani ni tishio la kwanza.

Nisieleweke kwamba kwetu ni kwema. Oktoba 2022 mwandishi wa habari wa Pakistani, Arshad Sharif, aliuawa na polisi wa Kenya kwa risasi kwenye kizuizi cha barabarani, kaunti ya Kajiado. Polisi walisema gari lake lilifananishwa na lililoibwa. Mwaka 2024 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba mauaji yale yalikuwa kinyume cha sheria. Popote penye silaha na shaka, swali la kwanza huwa lilelile: mbona hakusimama?

Mnaofanya kazi serikalini mtaniuliza tufanye nini. Mji wa Philadelphia ulipitisha mwaka 2021 sheria inayowazuia polisi kusimamisha magari kwa makosa manane madogo, likiwemo la taa moja ya breki isiyowaka. Makosa hayo bado ni makosa. Mwenye gari hushughulikiwa kwa karatasi. Hilo halihitaji fedha nyingi. Linahitaji tukubali kwamba si kila kosa linastahili kukutana na bunduki.

Kwa mwanafunzi wangu nina haya. Ndiyo, Lyoya alikimbia, na alikishika kifaa kile, na hayo ni makosa. Lakini hakuna kitabu cha sheria kinachoyaandikia makosa hayo adhabu ya kifo bila hakimu. Wazee wetu walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Walimaanisha kwamba anayekimbia hatari huwarudia watu wake akiwa mzima. Familia ya Lyoya iliuishi ukweli huo. Kama isingeikimbia vita, huenda leo isingekuwepo wa kumsimulia mwana wao. Mbio zilizowaokoa Kongo ndizo zinazotajwa leo kama hatia ya mtoto wao Michigan.

Muhula ujao nitakisimulia kisa hiki tena. Natumaini atakayenyoosha mkono wa kwanza ataanza na swali jingine: namba za gari zilihitaji bastola kwa lipi?