Utepe Mwekundu Siku Moja, "Miwaya" Siku 364

Wadau, kalenda ya mitandaoni siku hizi imejaa kuliko daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Februari 14 wapendanao, Aprili 1 wajinga, Julai 7 Kiswahili, Oktoba 3 eti siku ya boyfriend. Ukiamka Novemba 19 unakuta ni siku ya wanaume na siku ya choo, zote tarehe moja. Hiyo ya choo msicheke, Umoja wa Mataifa waliipitisha rasmi mwaka 2013. Kila asubuhi kuna mtu kwenye status anakwambia "leo ni siku ya..." na kesho yake kashaisahau, kahamia nyingine.

Wengi wanaziponda hizi siku. Wanasema ni mbwembwe, ni biashara ya wauza maua na keki, ni watu kutafuta likes. Mimi sipo upande huo, na sababu ni shangazi yangu wa Nyakahura.

Kwa wasiopajua, Nyakahura iko Biharamulo, mkoani Kagera, kwenye barabara kuu ya malori yanayokwenda Rwanda na Burundi. Pana gulio, pana bodaboda wa kutosha, na vijana wana simu kali kama wa Sinza tu. Na ndipo anapoishi shangazi, ambaye anameza ARV kila siku ya Mungu. Kaniruhusu niandike habari zake kwa sharti moja: "Andika mwanangu, ila jina langu liache." Sawa shangazi, nimeliacha.

Siku ninayotaka kuizungumzia ni Desemba 1, Siku ya UKIMWI Duniani. Kwa watu wa Kagera hii siyo siku ya kuletewa na wageni. Wagonjwa watatu wa kwanza kuripotiwa Tanzania, mwaka 1983, walitoka mkoa huu huu. Wakati huo ugonjwa haukuwa na jina, watu wakaubatiza Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa fasheni enzi hizo, kilicholetwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Yaani tangu mwanzo kabisa, kabla ya dawa, kabla ya vipimo, tulikuwa na jina la utani. Kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imeripoti wagonjwa.

Sasa turudi kwa shangazi. Mume wake alifariki 2005, baada ya kuugua muda mrefu ugonjwa ambao hakuna aliyeutaja kwa sauti pale msibani. Shangazi alihisi. Alihisi mwaka mzima, akahisi na wa pili, hakwenda kupima. Siyo kwamba alikuwa hajui pa kwenda. Anasema tatizo lilikuwa benchi. Kwenye kituo cha afya, chumba cha kupimia kilikuwa na mlango wake na benchi lake, na kila mtu anajua lile benchi ni la nini. "Ukikaa pale dakika kumi," anasema, "ukirudi nyumbani unakuta habari imeshafika, inakusubiri mlangoni."

Mwaka 2007 nchi nzima ikawa kwenye kampeni ya kupima. Julai mwaka huo Rais Kikwete na mkewe walipima hadharani, Dar es Salaam, na kauli ikawa "Tanzania bila UKIMWI inawezekana." Ilipofika Desemba 1, kwa shangazi kukawa na maadhimisho uwanjani. Mahema yalifungwa, kwaya zikaimba, vijana wakacheza mpira, kuna ngoma, kuna maigizo, kuna fulana za bure. Foleni ya kupima ilikuwa na kila aina ya watu. Balozi wa nyumba kumi alipanga, mwalimu alipanga, vijana waliokuwa wanasukumana kwa kuoneshana ubabe nao walipanga. Shangazi aliaga nyumbani kwamba anaenda kusikiliza kwaya. Akasikiliza nyimbo mbili, akaingia foleni, akapima. Majibu yakaja kuwa ana maambukizi. Dawa za bure zilikuwa zimeanza kutolewa nchini tangu 2004, na kabla mwaka haujaisha akawa ameanza kuzimeza.

Alizika mume, lakini yeye kaona wajukuu wanne.

Ndiyo maana huwa nawashangaa wanaosema hizi siku hazina maana. Siku moja yenye kelele, muziki na fulana za bure ilimpa shangazi kitu ambacho siku nyingine hazikuweza kumpa: kisingizio. Siku ya kawaida, anayekaa benchi lile anatazamwa. Siku ya maadhimisho kila mtu yupo, kwa hiyo hakuna anayetazamwa. Mwenye hofu anajificha katikati ya umati wa wasio na hofu. Hilo huwezi kulipata kwenye bango la barabarani.

Na kwa taarifa yenu, hata tarehe yenyewe ilichaguliwa kwa akili ya habari. Siku hii ilibuniwa 1987 na wafanyakazi wawili wa Shirika la Afya Duniani, James Bunn na Thomas Netter, ikaadhimishwa kwa mara ya kwanza 1988. Bunn alikuwa mwandishi wa habari wa televisheni kabla ya hapo. Aliona mwaka huo uchaguzi wa Marekani utakuwa umeisha, Krismasi itakuwa bado, na vyombo vya habari vitakuwa vinatafuta cha kuandika. Kwa lugha ya leo tungesema walitafuta siku ya kutrendi. Sioni ubaya wowote. Kelele za namna hiyo ndizo zilizomtoa shangazi ndani.

Sasa tufike penye shida.

Kuna msanii mmoja wa hapa Bongo, simtaji, nyie wenyewe mna majina yenu kichwani. Desemba 1 aliposti picha kali, suti nyeusi, utepe mwekundu kifuani, na maneno marefu ya upendo kwa watu wanaoishi na VVU. Mioyo ikamiminika. Siku nne baadaye yuko laivu anamchamba msanii mwenzake aliyepungua mwili. Akasema, "Ndugu yetu kakanyaga miwaya." Kicheko. Wenzake wakadakia, kaungua, ana ngoma, ni umeme mkubwa. Kipande kile kikakatwa, kikazunguka nchi nzima na emoji za kucheka.

Kilifika mpaka Nyakahura. Nilikuwepo. Binti wa shangazi alikuwa anakiangalia sebuleni kwa sauti ya juu, mama yake akiwa amekaa hapo hapo anachambua maharage. Binti aliposhtuka akazima. Shangazi hakuinua kichwa. Akauliza tu, "Huyo si yule wa utepe?" Akaendelea na maharage yake. Saa tatu usiku akameza dawa yake kama kawaida. Yeye huwezi kumtikisa na neno la laivu, kashavuka mengi.

Ambaye hakuvuka ni kijana mmoja wa bodaboda, miaka 23, anakunywa dawa kituo kimoja na shangazi. Shangazi ni kama mama wa kikundi cha WAVIU pale, yaani watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kazi yake kubwa ni kujua nani hajaonekana kliniki, kisha kumfuata kimya kimya. Yule kijana alikuwa anatoa vidonge kwenye kopo na kuvifunga kwenye kitambaa, maana kopo la dawa ukitembea nalo linalia, chaka chaka, na pale kijiweni kila mtu anaijua ile sauti. Baada ya kile kipande kusambaa, "miwaya" ikawa ndiyo stori ya kijiwe. Abiria akiwa mwembamba, miwaya. Mwenzao akikohoa, miwaya. Kijana akaacha kwenda kliniki. Akaacha dawa.

Mtu akiacha ARV, virusi vilivyokuwa vimelala vinaamka na kuzaliana upya, na mwili unaanza kushindwa vita ambayo ulikuwa unaishinda. Akiwa anazimeza vizuri mambo ni tofauti kabisa. Virusi vinafubazwa mpaka kipimo kinashindwa kuviona, na mtu akifika hapo na kubaki hapo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya ngono. Hii ni sayansi iliyothibitishwa. Siku hizi wengi wanameza kidonge kimoja tu kwa siku. Kwa hiyo tuelewane: mwaka huu wa leo, kwa watu kama yule kijana, dawa ipo na ni ya bure. Kinachomtoa kwenye dawa ni kicheko cha washkaji.

Shangazi alimtafuta wiki tatu. Alimkuta amelala kwa kaka yake, amekonda, anahara, anasema ana malaria. Hakumgombeza. Alimwambia, "Mwanangu, mimi nimemeza hizi dawa tangu wewe ni mtoto mdogo. Niangalie. Nimeungua wapi?" Kijana akalia, kesho yake wakaenda wote kliniki, shangazi kakaa naye kwenye benchi lile lile alilokuwa analikimbia yeye zamani.

Wasanii, na nyie mnaoendesha kurasa kubwa, msiseme hayawahusu. Huo utepe mnaouvaa ulibuniwa na wasanii wenzenu, New York, mwaka 1991, na mwigizaji Jeremy Irons akauvaa kwenye tuzo za Tony mwaka huo huo mbele ya kamera. Freddie Mercury, mtoto aliyezaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, alitangaza hali yake Novemba 23, 1991 na kufariki siku iliyofuata. Na jirani zetu Uganda, Philly Bongoley Lutaaya alisimama 1989 akasema hadharani kwamba ana UKIMWI, wakati hakuna staa wa kwao aliyethubutu. Akazunguka mashuleni na makanisani akiwa anaumwa, akafariki Desemba mwaka huo huo. Huyo alitumia jina lake kumfanya mtu wa kawaida asione aibu. Leo kuna watu wanatumia majina yao kuirudisha aibu, na wanalipwa kwa views.

Tena tuna sheria ya UKIMWI tangu 2008, inakataza kumnyanyapaa mtu na kutoa siri ya majibu yake. Lakini "miwaya" haitaji jina la mtu, inataja wote, kwa hiyo hakuna wa kushtaki. Ni sisi wenyewe tu.

Na msifikiri hii siku ipo ipo tu milele. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya VVU Afrika ikayumba, na Desemba 1 ya mwaka huo serikali yao haikuiadhimisha kabisa siku hii. Wenye hela wakiamua kuisahau, inabaki kwa watu kama shangazi, na kwa sisi wenye simu.

Kwa hiyo mimi siwaambii muache kuposti. Posti, vaa utepe, piga picha na suti yako. Ukialikwa kutumbuiza kwenye maadhimisho nenda, tena imba vizuri, maana katikati ya umati wako kuna mtu ameaga nyumbani kwamba anakuja kukusikiliza wewe, na siyo wewe aliyemleta. Ila Desemba 2, mtu akisema "kakanyaga miwaya," usicheke. Huna haja ya kutoa hotuba. Nyamaza tu, kicheko kife. Kama una ujasiri zaidi mwambie, "Hiyo ilishapitwa, siku hizi watu wanameza dawa na wanazeeka."

Shangazi hana kalenda ya mitandaoni. Ana daftari dogo la mistari, limeandikwa tarehe za kliniki za watu wa kikundi chake, mmoja mmoja, kwa kalamu ya bluu. Yule kijana wa bodaboda tarehe yake ni mwezi ujao. Nimemuuliza shangazi kama anadhani atakwenda. Kasema, "Atakwenda. Nimemwambia ndiye atakayenibeba."