Kurudi kwenye Ba, Be, Bi



Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa masomoni Marekani, tulisaidia huduma katika parokia moja ya mjini. Jumamosi moja tuliwaandaa vijana watakaosoma masomo ya Misa. Kijana mmoja wa miaka kumi na mitatu, mchangamfu, mpenda ibada, alipofika kwenye neno “mchungaji” alisoma “kondoo”. Kwa Kiingereza maneno hayo mawili huanza kwa sauti moja. Yule kijana hakuwa amelisoma neno. Alitazama mwanzo wake, akabahatisha. Tukamkaripia mbele ya wenzake, tukidhani ni uzembe. Jumamosi iliyofuata hakuja, wala hakurudi tena.

Baadaye tulikuja kutambua kwamba kosa halikuwa lake. Kwa miongo mingi, shule nyingi za Marekani ziliwafundisha watoto kukisia neno wasilolijua kwa kutazama picha, maana ya sentensi na herufi ya kwanza. Iliaminiwa kwamba mtoto akizungukwa na vitabu vizuri, kusoma kutakuja kwenyewe, kama kusema kulivyokuja. Sisi tulioimba ba, be, bi, bo, bu hadi majirani wakachoka, hatukuweza kuwazia jambo hilo.

Katika upimaji wa kitaifa wa mwaka 2024, takribani theluthi moja ya wanafunzi wa darasa la nane nchini humo hawakufikia hata kiwango cha msingi cha kusoma. Wengi huulaumu ugonjwa wa UVIKO-19 uliofunga shule mwaka 2020. Lakini alama zilikuwa zimekwisha kuanza kushuka kabla yake.

Hata hivyo, upepo umegeuka, na umeanzia mahali pasipotazamiwa. Mississippi, mojawapo ya majimbo maskini kabisa ya nchi ile, ilipitisha sheria mwaka 2013: walimu wafundishwe upya namna ya kuunganisha herufi na sauti, shule dhaifu zipelekewe walimu washauri, na mtoto asiyeweza kusoma mwishoni mwa darasa la tatu arudie darasa. Mwaka 2013 darasa lao la nne lilikuwa karibu na mkia kitaifa; mwaka 2024 lilishika nafasi ya 9. Wako wanaodai kwamba kurudia darasa ndiko kulikopandisha alama, na mjadala haujakwisha. Lakini majimbo mengi sasa yanafuata njia hiyo. Tena, tangu Florida ilipotunga sheria mwaka 2023 ya kuzuia simu za mkononi wakati wa vipindi, zaidi ya nusu ya majimbo yameweka masharti ya namna hiyo, ili mtoto aweze kutulia.

Tafakari yetu, wapendwa, ni hii. Taifa lenye fedha na mitambo kuliko mengine linarudi kwenye silabi, kwenye utulivu, na kwa mwalimu anayeketi karibu na mtoto kumsikiliza anavyosoma. Nasi tukumbuke hayo kila tunapodhani kwamba kompyuta zikishafika, elimu imefika.

Tena tujihoji. Katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza tunao watoto wanaokariri sala zote bila kukosea, na bado hawawezi kusoma mstari mmoja wa katekisimu. Tunawapongeza, tunapita. Wazazi, jioni ya leo mwombeni mtoto awasomee ukurasa mmoja kwa sauti. Akikwama, msimkaripie. Kaeni naye, herufi kwa herufi.

Sisi tulipewa nafasi hiyo Jumamosi ile, tukaipoteza. Kijana alisoma “kondoo” palipoandikwa “mchungaji”. Siku ile aliyekosekana pale alikuwa mchungaji.

Mungu awabariki.

Paroko wenu